Seli shina na moyo uliopata shambulio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo hapa Dar es Salaam. Haipiti wiki bila mtu kunisubiri nje ya mlango wa daktari, simu mkononi, video tayari imefunguliwa. "Sista, hebu nitazamie hii." Kwenye video kuna mzee aliyekuwa hawezi kupanda ngazi, kachomwa sindano ya seli shina, sasa anatembea ufukweni na wajukuu. Halafu huja maswali mawili: ni kweli, na ni shilingi ngapi?

Jibu fupi ni kwamba mpaka leo hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kurudisha misuli ya moyo iliyokufa kwa shambulio. Jibu refu lina matumaini ya kweli ndani yake, na pia lina habari za udanganyifu uliopoteza miaka mingi ya watafiti na wagonjwa. Nimeyaandika yote mawili, kwa sababu anayeombwa kulipa mamilioni ana haki ya kujua analipia nini.

Seli shina ni nini? Ndizo hizo wanazoita seli mama?

Ndizo. Seli nyingi za mwili zimeshapangiwa kazi: ya ngozi ni ya ngozi, ya ini ni ya ini. Seli shina ina uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, zimo seli shina zinazotengeneza damu usiku na mchana.

Mbona Muhimbili na Dodoma wanapandikiza uloto na watu wanapona? Kwa nini moyo ushindikane?

Swali hili nalipenda, maana anayeuliza anafuatilia habari. Ni kweli upandikizaji wa uloto unafanyika nchini, Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa saratani za damu na kwa watoto wenye selimundu. Hiyo ni tiba ya seli shina, na ni tiba halisi.

Ila tazama kinachotakiwa pale. Seli ya uloto ikiingia mwilini inakwenda kwenye mfupa, nyumbani kwake, inatengeneza damu, kazi yake ya siku zote. Kwenye moyo tunaitaka seli hiyohiyo ikae penye kovu, igeuke msuli, ijiunge na majirani zake, idunde nao kwa wakati mmoja, mara laki moja kwa siku. Hiyo si kazi yake, na kuitia ndani ya moyo hakutoshi kuifundisha.

Shambulio la moyo linaharibu nini hasa?

Moyo nao unahitaji damu yake. Hupata kwa mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Ukuta wa mshipa ukiwa na utando wa mafuta, siku utando huo ukipasuka damu huganda juu yake na njia ikafungwa. Msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa ule huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 40, na kifo hicho huendelea kutanuka kwa saa kadhaa.

Chumba cha chini cha kushoto, ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, kinakadiriwa kuwa na seli za misuli bilioni 2 hadi 4. Shambulio kubwa laweza kuua bilioni 1. Katika wiki zinazofuata mwili husafisha zile zilizokufa na kuweka kovu. Kovu hilo tusilichukie: ndilo linalozuia ukuta wa moyo usipasuke. Tatizo ni kwamba halikazi wala halilegei. Misuli iliyobaki hubeba mzigo wote, chumba kinatanuka polepole, na mgonjwa anaanza kuvimba miguu na kushindwa kulala chali.

Chukua karatasi yako ya kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Tafuta herufi EF. Namba iliyo mbele yake ni asilimia ya damu inayotoka chumbani kila moyo unapodunda. Mtu mzima mwenye afya huwa na 55 hadi 70 hivi. Ukiona 30, maana yake kati ya vikombe kumi vya damu vilivyomo chumbani kinapokuwa kimejaa, vitatu tu ndivyo vinavyotoka kwa kila pigo. Namba hii itarudi mara nyingi hapa chini, kwa sababu majaribio mengi ya seli shina yaliitumia kama kipimo chao.

Ngozi ikikatwa inaota. Moyo kwa nini hauoti?

Kwa muda mrefu vitabu vilisema mtu huzaliwa na seli zake za moyo na kufa nazo. Aliyepima akapata jibu tofauti kidogo ni Jonas Frisén na wenzake wa taasisi ya Karolinska, Sweden. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza hewani kaboni ya aina ya 14, ikaingia kwenye mimea, chakula, na hatimaye ndani ya chembe za urithi za kila seli iliyozaliwa wakati huo. Kwa kupima kaboni hiyo mwaka 2009 waliweza kukisia umri wa seli za moyo. Wakakuta moyo hujitengeneza upya, ila taratibu mno: kama asilimia 1 ya seli kwa mwaka mtu akiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya asilimia akifika 75.

Kwa hiyo uwezo upo, lakini hauwezi kufidia seli bilioni moja zilizokufa mchana mmoja. Wenzetu samaki wana bahati. Yuko samaki mdogo wa mistari, maabara nyingi humfuga. Ukimkata sehemu ya tano ya chumba cha moyo wake, ndani ya miezi miwili moyo umeota upya. Panya mchanga naye anaweza, ila kwa wiki ya kwanza tu ya maisha yake. Baada ya hapo mlango unafungwa, na watafiti wengi leo wanatafuta ufunguo wa mlango huo badala ya kuingiza seli kutoka nje.

Wazo la kuchoma seli moyoni lilianzaje?

Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la Piero Anversa, Marekani. Walisema wamechukua seli za uloto wa panya, wakazichoma kwenye moyo uliopata shambulio, na misuli mipya ikaota ikajaza sehemu kubwa ya jeraha. Habari ilisambaa kama moto wa kiangazi. Mwaka uliofuata tayari kulikuwa na ripoti ya wagonjwa 10 wa Düsseldorf, Ujerumani, waliotiwa seli za uloto wao wenyewe.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Siku chache baada ya mshipa kuzibuliwa, mgonjwa hutolewa uloto kwenye mfupa wa nyonga kwa sindano nene. Seli zinachujwa maabara. Kisha katheta, yaani mrija mwembamba, inapitishwa mpaka kwenye mshipa uleule uliokuwa umeziba, puto dogo linavimbishwa kusimamisha damu kwa dakika chache, na seli zinamiminwa. Mgonjwa anarudi wodini, na miezi kadhaa baadaye EF inapimwa upya.

Matokeo ya kwanza yalitia moyo. Hannover, mwaka 2004, wagonjwa 60: waliopata seli EF yao ilipanda karibu pointi 7 kwa miezi sita, wasiopata haikufika hata pointi moja. Lakini walipopimwa tena miezi 18 baada ya matibabu, wasiopata walikuwa wamewasogelea, tofauti ikawa si ya kutegemea. Mwaka 2006 jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 204, lililoongozwa kutoka Frankfurt, lilipata kupanda kwa pointi 5.5 dhidi ya 3.0. Mwaka huohuo Wanorwe wakafanya la kwao, wasione faida yoyote.

Nimesikia kulikuwa na udanganyifu. Ni kweli?

Ni kweli, na naomba usome jibu hili lote, maana kliniki nyingi zinazouza seli bado zinatumia makala za wakati ule kama ushahidi.

Mwaka 2004, miaka mitatu tu baada ya utafiti wa Anversa, makundi mawili tofauti yalijaribu kurudia kazi ileile na kuchapisha majibu yao katika jarida lilelile. Seli za uloto zilikuwa hazigeuki misuli ya moyo. Zilibaki kuwa seli za damu. Hapo ndipo ingepaswa kusimama. Badala yake kundi la Anversa lilishikilia dai jingine, kwamba moyo una seli shina zake zenyewe zenye alama iitwayo c-kit, na kwamba hizi ndizo zinazoota misuli. Mwaka 2011 jaribio la kuwatia wagonjwa seli hizo lilichapishwa kwenye jarida la Lancet kwa shangwe kubwa.

Maabara nyingine zikaendelea kutafuta seli hizo bila kuziona zikifanya kazi iliyodaiwa. Mwaka 2014 utafiti wa panya uliofuatilia kizazi cha seli za c-kit ulionyesha kwamba karibu hazizai misuli ya moyo kabisa. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham ya Boston, alikokuwa Anversa, pamoja na taasisi mama yake, zililipa dola milioni 10 kumaliza madai kwamba fedha za serikali za utafiti zilipatikana kwa data zisizo za kweli. Oktoba 2018, Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali hiyo wakaomba makala 31 za maabara yake ziondolewe. Ile ya Lancet iliondolewa mwaka 2019.

Nikikumbuka jambo hili nahuzunika zaidi ya kukasirika. Kwa miaka ile yote kuna watu walilala kwenye meza za upasuaji, wakaweka sahihi, wakaamini. Na fedha ambazo zingeweza kutafuta njia nyingine zilikwisha huko.

Lakini si watafiti wote walikuwa waongo?

Hapana, wengi walikuwa waaminifu kabisa, na majaribio ya wagonjwa ya Ujerumani niliyoyataja hayakuhusika na sakata la Boston. Shida ilikuwa ya aina nyingine: majaribio madogo, na mahesabu yasiyolingana. Mwaka 2014 watafiti wa London walipitia ripoti za majaribio 49 ya seli za uloto wakitafuta makosa yanayojipinga yenyewe, kwa mfano jedwali linalosema hivi na maandishi yanayosema vile. Walikuta zaidi ya 600. Na jaribio lilivyokuwa na makosa mengi, ndivyo lilivyotoa matokeo mazuri. Yale machache yasiyokuwa na kosa hata moja hayakuonyesha faida.

Mwaka 2015 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulijumlisha majaribio 41 ya waliotoka kupata shambulio, watu zaidi ya 2,700, ukahitimisha kuwa ushahidi wa faida hautoshi. Wazungu wakaandaa jaribio moja kubwa la kumaliza ubishi, lililoitwa BAMI. Walitaka watu 3,000, wakapata 375. Baada ya miaka miwili, waliofariki katika kundi la seli walikuwa asilimia 3.26, na katika kundi lisilo na seli asilimia 3.82. Kwa idadi ndogo namna hiyo huwezi kusema lolote. Wagonjwa wa kundi la kawaida walikuwa wanatibiwa vizuri kiasi kwamba wachache tu walikuwa wanakufa, na hilo lenyewe ni habari njema.

Seli zilizochomwa huenda wapi?

Hannover walizipima kwa kuzitia alama ya mnururisho na kuzifuata kwa kamera. Baada ya kama saa moja, katika kila seli 100 za uloto zisizochambuliwa zilizomiminwa, moyoni zilibaki chini ya 3. Nyingi zilikuwa zimeshikwa na ini na wengu.

Sasa hao waliopata nafuu kidogo, nafuu ilitoka wapi?

Maelezo ninayoyaona ya uaminifu zaidi yalitoka Cincinnati, Marekani, maabara ya Jeffery Molkentin. Waliwachoma panya seli shina hai kwenye moyo uliojeruhiwa, wengine wakawachoma seli zilizokwishakufa, na wengine kemikali tu ya kuamsha kinga ya mwili. Wote watatu walipata nafuu inayofanana. Yaani kinachosaidia ni ile hali ya mwili kupeleka askari wake mahali pale na kulitengeneza kovu likawa imara zaidi. Msuli mpya hakuna. Ukisikia mtu anasema "seli zinatoa viini vya uponyaji," anazungumzia jambo la aina hii, na lina utafiti wake unaoendelea, ila ni mbali sana na kusema moyo umeota upya.

Basi tumaini limekwisha?

Halijakwisha. Limehama mahali.

Mwaka 2006 daktari Mjapani, Shinya Yamanaka, aliyeanza kazi kama mpasuaji wa mifupa, aligundua kwamba ukiingiza jeni nne ndani ya seli ya kawaida ya ngozi ya panya, seli ile inarudi nyuma ikawa kama ya kiinitete, tayari kuwa chochote. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Tangu hapo maabara zimejifunza kuzilea seli hizo mpaka zinakuwa misuli halisi ya moyo. Mara ya kwanza nilipoona video yake nilinyamaza: sahani ndogo ya plastiki, ndani yake utando mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, unadunda wenyewe. Hauna mwili, hauna mishipa ya fahamu, na unadunda.

Tofauti na habari ya uloto ni kubwa. Hapa hatuiombi seli igeuke msuli baada ya kuchomwa. Imeshakuwa msuli kabla haijatoka maabara.

Osaka, Japani, timu ya Yoshiki Sawa ilianza mwaka 2020 kubandika tando za seli hizo juu ya mioyo ya wagonjwa. Göttingen, Ujerumani, timu ya Wolfram-Hubertus Zimmermann inachanganya seli na kolajeni na kutengeneza kiraka kinene zaidi. Januari 2025 walieleza habari za mwanamke wa miaka 46 mwenye moyo uliochoka sana. Walimshonea viraka vyenye seli milioni 400. Miezi mitatu baadaye alipata moyo wa kupandikizwa, kwa hiyo ule wa zamani ulitolewa na ukaweza kuchunguzwa. Viraka vilikuwa hai, ni misuli, na mishipa ya damu ilikuwa imeota kuingia ndani yake. Tangu nianze kusoma habari hizi, huo ndio ushahidi wa kwanza kwa binadamu ulionifanya nimpigie simu daktari wetu jioni kumweleza.

Hata hivyo yule ni mgonjwa mmoja, na kiraka chake hakikukaa muda wa kutosha kuonyesha kama kingemwezesha kuishi bila moyo mpya. Japani nao wana fundisho lao. Mwaka 2015 waliruhusu kwa masharti tando zilizotengenezwa kwa seli za msuli wa paja, zitumike huku ushahidi ukikusanywa. Mwaka 2024 ushahidi ulipotazamwa ukaonekana hautoshi, na bidhaa ile ikakosa kibali cha kudumu.

Kuna hatari gani?

Ya kwanza ni mapigo kuvurugika. Mwaka 2014 timu ya Charles Murry, Seattle, iliwachoma nyani misuli ya moyo ya binadamu, kama seli bilioni moja kwa mnyama mmoja. Misuli ilishika vizuri ajabu, lakini mapigo ya moyo yalivurugika kwa wiki kadhaa, kwa sababu seli changa zina tabia ya kudunda kwa mwendo wake. Viraka vinavyobandikwa juu ya moyo vimebuniwa kwa sehemu kukwepa tatizo hili.

Ya pili, seli iliyobaki bila kukomaa inaweza kuwa uvimbe. Ya tatu, seli za mtu mwingine zinahitaji dawa za kutuliza kinga, na dawa hizo zinafungulia mlango maambukizi. Mtu anayeishi penye kifua kikuu kingi anapaswa kulitafakari sana hili.

Na kuna hatari ya mikono michafu. Mwaka 2018 Marekani, watu 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kwa jina la seli shina. Kabla ya hapo, Florida, wanawake watatu walipofuka baada ya kliniki kuwachoma machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao. Walikuwa wamelipia.

Seli hizi zinatoka kwenye mimba zilizotolewa? Dini inasemaje?

Za uloto zinatoka kwako mwenyewe au kwa ndugu anayechangia. Za njia ya Yamanaka zinatoka kwenye ngozi au damu ya mtu mzima. Ziko pia zinazotokana na viinitete vya siku chache vilivyobaki kwenye kliniki za kupandikiza mimba, vikatolewa na wazazi wake kwa hiari. Mimba zilizotolewa hazihusiki hapo. Uliza zile unazopewa ni za aina gani, halafu jibu hilo lipeleke kwa shehe au padre wako. Mimi nakupa maelezo, hukumu ni yao.

Na hizi pakiti za poda za seli shina za tufaha na zabibu?

Naziona sana. Mama mmoja alikuja na boksi zima ndani ya khanga, kauziwa na jirani, anachanganya na maji chini ya ulimi asubuhi na jioni. Seli ya tufaha ikifika tumboni inameng'enywa kama tufaha lingine lolote. Haina njia ya kufika moyoni ikiwa hai, na ingefika isingekuwa na la kufanya pale. Kilichoniuma ni kwamba ili kumudu boksi lile alikuwa ameacha kununua atorvastatini, dawa yake ya kupunguza lehemu, yaani mafuta kwenye damu.

Nimepewa bei na kliniki ya nje ya nchi. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Nianze na mjomba wangu, Tanga. Alipata shambulio, EF ikabaki 28. Mwanawe akatafuta mtandaoni, akapata kliniki ya nje. Kwa ujumbe wa simu, bila kuona eko wala karatasi nyingine, wakamwambia mzee anafaa kabisa na walipe nusu ndani ya siku saba ili wapate punguzo. Familia ikakaa, ikakubaliana kiwanja cha Pongwe kiuzwe. Mfa maji haishi kutapatapa, na mimi siwalaumu. Niliwaomba kitu kimoja: waandikie na kuuliza ni utafiti gani, umesajiliwa wapi, na kamati gani ya maadili iliupitisha. Walijibiwa kwa video nyingine ya mgonjwa anayekimbia.

Jaribio halisi la tiba halimtozi mgonjwa bei ya tiba inayojaribiwa. Lina namba ya usajili unayoweza kuitafuta mwenyewe. Linakupa maelezo marefu ya hatari, unaenda nayo nyumbani, unayasoma na wanao, unarudi siku nyingine. Lina masharti magumu, na watu wengi hukataliwa. Ukiona mahali ambapo kila mtu anafaa, na seli zilezile zinatibu moyo, magoti, kisukari na nguvu za kiume, funga mkoba. Tanzania utafiti wa tiba kwa binadamu unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa vibali. Kenya uko chini ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na bodi ya dawa. Ukiambiwa jaribio linafanyika hapa nyumbani, huko ndiko pa kuuliza.

Nihifadhi damu ya kitovu cha mtoto wangu kwa ajili ya moyo wa baba yake?

Kwa ajili ya moyo, hapana. Fedha hizo mnunulie baba mashine ya kupimia presha.

Kama seli shina bado, nimebaki na nini?

Umebaki na mengi, ndiyo maana huwa nasikitika mtu akisema "hospitali wamenipa vidonge tu." Kwa moyo uliopungua nguvu kuna dawa za makundi manne ambazo zikitumika pamoja zimeongeza maisha ya watu kwa majaribio ya maelfu ya wagonjwa: za kupunguza mzigo wa presha kama enalaprili au losartani, za kutuliza mapigo kama bisoprololi, spironolaktoni, na zile zilizoanza kama dawa za kisukari, mfano dapagliflozini. Ongeza aspirini na dawa ya lehemu. Nimeona EF ya 30 ikapanda 45 kwa mwaka mmoja wa vidonge vilivyomezwa bila kukosa, na mgonjwa aliyeacha sigara. Msuli uliokufa haukurudi. Uliokuwa umezubaa pembeni ya kovu ndio ulioamka.

Na kwa yule ambaye shambulio halijampata, au linampata sasa hivi: hakuna seli ya maabara yoyote inayoshinda ile unayoiokoa kabla haijafa. Kifua kinachobana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Kwa wanawake na wenye kisukari pengine ni uchovu mkubwa na kubanwa tu. Usisubiri asubuhi, usianze na dawa ya tumbo. Utafiti uliofanywa Moshi umeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa shambulio hufika hospitali na bado hawatambuliwi, kwa hiyo taja neno lenyewe, omba kipimo cha umeme wa moyo. Kama huna mzio wa aspirini wala huna kidonda kinachovuja damu, tafuna moja ya miligramu 300 ukiwa njiani. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inafaa ndani ya saa 12 za kwanza, na kila saa inayopita inakula msuli. Kuzibua mshipa kwa katheta kunafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa Dar, Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Kampala, na katika hospitali kadhaa za Nairobi.

Mjomba wako alikwenda?

Hakwenda. Kiwanja kipo, kimepandwa mihogo. Sehemu ya fedha iliyokuwa imechangwa ilitumika kumleta Dar kuwekewa stenti mbili, vile vijibomba vya kuuacha mshipa wazi, na iliyobaki hununua dawa kila mwezi. Eko ya mwisho ilisoma 38. Anachoka akipanda kilima cha nyumbani kwake, anasimama mara mbili njiani, kisha anafika. Kila akinipigia simu, baada ya shikamoo yangu, huniuliza kama wale Wajerumani wa viraka wameshafika wapi, nami humsomea kila kilichochapishwa.